Ng'ombe Akisaga Meno, Usikimbilie Kisu

(Mazungumzo kwa wafugaji katika baraza la wananchi)



Mfugaji anayechunga karibu na kiwanda mara nyingi huwa wa kwanza kuona madhara ya moshi na maji taka, kwani ng'ombe hula chochote kilichotua juu ya nyasi. Mazungumzo ya leo yanahusu sumu moja tu: madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri za magari.

Betri kuukuu zinapoyeyushwa, vumbi la risasi hupeperushwa hadi malishoni na kwenye madimbwi. Betri iliyopasuka na kutupwa ni hatari vilevile, kwa sababu ng'ombe huilamba. Ndama huathirika zaidi.

Mnyama aliyekula risasi huacha kula, husaga meno, hutetemeka, hupofuka, au hukandamiza kichwa ukutani. Wengine hufa ghafla. Dalili hizi hufanana na za kichaa cha mbwa, kwa hivyo mtu yeyote asitie mkono mdomoni mwa mnyama huyo.

Hapo ndipo penye mtihani. Ng'ombe ni karo ya shule na akiba ya nyumba, na mwenyewe huona heri amchinje au amuuze kabla hajafa. Lakini risasi hukaa kwenye ini, figo na mifupa, na hutoka pamoja na maziwa. Kuchemsha maziwa au kupika nyama hakuiondoi. Watoto ndio huumia zaidi, kwani huharibu ubongo unaokua. Tena mnyama akishaliwa, ushahidi nao umeliwa.

Mfugaji afanye hivi:

1. Aondoe mifugo mahali hapo na asiuze maziwa wala nyama.
2. Amwite daktari wa mifugo achukue damu, au vipande vya ini na figo ikiwa mnyama amekufa, vipelekwe maabara.
3. Aandike tarehe, mahali na idadi ya wanyama, na apige picha.
4. Aripoti kwa afisa wa mazingira wa kaunti na kwa NEMA.

Ushahidi una nguvu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda kortini wakiwa na vipimo vya damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipinduliwa katika rufaa, lakini Mahakama ya Juu ikaurejesha mwaka 2024.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini hata kabla hajapata hasara. Basi ng'ombe akianza kusaga meno, kisu kisubiri. Daktari aitwe kwanza.