Kadi Mbili, Sheria Mbili
Hotuba kwa wakazi wazungumzao Kiswahili nchini Marekani



Tuseme mmoja wetu amefungua taarifa ya mwezi na kukuta dola 180 zimelipwa katika duka ambalo hajapata kulikanyaga. Anapiga simu benki, anaambiwa amesikika, naye anatulia. Nimesimama hapa kueleza kwa nini simu hiyo pekee huenda isimkinge.

Kwanza, itambue kadi yako, kwa maana hapa Marekani kila aina ina sheria yake.

Kadi ya mkopo hulindwa na sheria ya mwaka 1974. Ili haki zako zote zisimame, andika barua. Itume kwa anwani ya malalamiko ya ankara, si ile ya malipo, nayo ifike ndani ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kwanza yenye kosa. Barua haihitaji Kiingereza cha kitabuni: taja jina, namba ya akaunti, kiasi, tarehe, na sababu ya kuliona ni kosa. Shauri likiendelea, waweza kuzuia kiasi unachokipinga. Deni lililobaki lilipe kama kawaida. Kadi ikitumiwa bila idhini yako, hutabeba zaidi ya dola 50.

Kadi inayokata fedha moja kwa moja katika akaunti ina sheria ya mwaka 1978, na hapo muda ni mfupi zaidi. Ikipotea au kuibwa, toa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ulipojua, nawe hutabeba zaidi ya dola 50. Ukichelewa, mzigo waweza kufika dola 500. Zikipita siku 60 tangu taarifa ya akaunti ilipotumwa, fedha zitakazochukuliwa baadaye huenda zisirudi kabisa. Kwa kadi hii, piga simu papo hapo, kisha thibitisha kwa maandishi.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Weka nakala ya barua, tarehe ya simu, na jina la aliyekujibu. Benki ikikupuuza, leta shauri lako kwetu pamoja na nakala hizo.

Usione haya kudai kilicho chako. Sheria hizi hazimwulizi mtu lafudhi yake. Humwuliza tarehe aliyotoa taarifa.