Kukata Hesi kwa Mashine ya Kukerezea

Jioni hii twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hukiona kila siku wala hawaulizi habari zake. Nacho ni hesi, yaani ule mfereji uzungukao mwili wa bolti, ambao nati huufuata inapokazwa. Baiskeli, cherehani na pampu ya maji, vyote vimeshikwa kwa hesi. Nazo zikiharibika, chombo kizima hakifai kitu.

Zamani hesi nyingi zilikatwa kwa mkono, na bolti ya fundi huyu haikuingia katika nati ya fundi yule. Ndipo Henry Maudslay, mzaliwa wa Woolwich katika Uingereza, alipotengeneza, karibu na mwaka 1800, mashine ya kukerezea ambayo kisu chake hakishikwi kwa mkono, bali huchukuliwa na parafujo ndefu. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa Maudslay, alitoa shauri kwamba mafundi wote wafuate kipimo kimoja: pembe ya mfereji iwe digrii 55, na bolti yenye unene wa inchi 1 iwe na mifereji 8 katika kila inchi. Siku hizi hesi za milimita, zenye pembe ya digrii 60, zimeenea zaidi. Lakini mashine nyingi kuukuu zingali na hesi za Whitworth.

Je, hesi hukatwaje? Mtu mmoja na auzungushe muwa, na mwenzake asogeze kipande cha mkaa polepole juu yake, toka mwisho huu hata mwisho huu. Mkaa utaandika mstari wa kuzunguka. Akienda mbio, mistari itaachana. Akienda pole, itakaribiana. Katika mashine, muwa ni chuma, na mkaa ni kisu cha chuma cha pua kilichonolewa kwa pembe ya hesi.

Mwendo wa kisu hutawaliwa na magurudumu ya meno. Tuseme parafujo ndefu ina mifereji 4 katika kila inchi, nasi twataka kukata 8. Hapana budi chuma kizunguke mara mbili parafujo izungukapo mara moja. Basi gurudumu liendeshalo huwa na meno 20, na gurudumu liendeshwalo huwa na meno 40. Hesabu hii ni ya darasani tu, wala haina uchawi.

Na sasa tukiri kosa letu. Mwaka mmoja mashine ya kusaga unga ya kijiji jirani ilikatika bolti yake kubwa, akina mama wakarudi kwenye vinu. Tuliletewa vipande viwili tu vya chuma cha pua, tukaombwa bolti kabla ya jua kuchwa. Tulipokwisha kupanga magurudumu, mwanafunzi mmoja akasema, “Mwalimu, tukwaruze kidogo kwanza, tupime.” Tukamjibu, “Mwanangu, hatuna nafasi.” Tukakizamisha kisu. Kumbe tulikuwa tumeyageuza magurudumu, la meno 40 likaendesha la meno 20! Kisu kikaruka mbele kama panzi, kikavunjika, na chuma kikachimbika vibaya. Sisi tuliozoea kuwaambia watoto kwamba haraka haraka haina baraka, tukasimama kimya mbele yao.

Kipande cha pili tulimpa mwanafunzi yule. Alibadili magurudumu, akanoa kisu kipya, akakisimamisha sawasawa na chuma. Akaiendesha mashine polepole, akakwaruza mstari mwembamba kama unywele, kisha akaweka rula na kuhesabu: mifereji 8. Ndipo akaanza kukata, kidogo kidogo, akitia mafuta kila mara. Kila mwisho wa safari alikiondoa kisu kwanza, kisha akakirudisha mwanzo. Kina cha hesi hiyo ni sehemu 80 tu katika sehemu 1000 za inchi. Asingeweza kuzimaliza kwa safari moja. Nati ilipoingia kwa vidole, bila kulazimishwa wala kutikisika, alijua kazi imekwisha. Kesho yake kijiji kilisaga.

Basi, vijana mnaotaka ufundi, shikeni mambo matatu. Kunjeni mikono ya nguo zenu, wala msiguse chuma kinachozunguka. Hesabuni meno ya magurudumu mara mbili. Kwaruzeni na kupima kabla ya kukata, maana chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudishwi.

Nasi walimu tuna la nne: mwanafunzi asemapo “tupime,” tumsikilize.

Kwaherini.