Niache Kazi Nirudi Masomoni? Hesabu ya Mama wa Watoto Wawili

(Maandishi ya mazungumzo na vijana, Kisauni, Mombasa)

Ndugu zangu, dada zangu, niliambiwa nije niwape moyo. Moyo nitawapa, lakini kwanza nitawapa hesabu, kwa sababu mimi moyo peke yake karibu unitie shimoni.

Nilimaliza Form 4 na alama ya C-. Nikaolewa, nikapata kazi ya karani kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Miaka sita nimekaa pale. Akaja kijana na diploma yake, mimi ndiye niliyemfunza kujaza makaratasi. Baada ya miaka miwili, yeye ndiye anayenisainia likizo. Sikumchukia, wallahi. Alikuwa na cheti, mimi sina. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Kesho naacha kazi, narudi shule."

Mume wangu ni dereva wa tuktuk, mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Shule gani?" Nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira tu, na hasira haisajiliwi chuoni.

Kwa hivyo swali la kwanza si "niache kazi?" Swali la kwanza ni "naenda kusoma nini, na kitanifungulia mlango gani?" Wengi wetu tukipata C- tunadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Chuo kikuu wanataka C+, sawa. Lakini C- inakuingiza diploma, na D inakuingiza kozi ya cheti. Mimi niliuliza nikaambiwa kuhusu mitihani ya uhasibu ya KASNEB. Kwa C- unaanza na ATD, ile diploma ya mafundi wa uhasibu, na ukiimaliza unaruhusiwa kuingia CPA. Yaani ule mlango wa mbele uliofungwa, kuna wa uani. Kuuliza si ujinga.

Na ukipata chuo, hakikisha kimesajiliwa. Vyuo vya ufundi na kozi za kati vinasajiliwa na TVETA, vyuo vikuu viko chini ya CUE. Rafiki yangu mmoja aliacha kazi ya duka, akalipa karo muhula mzima, kumbe chuo hakina usajili. Kazi imeenda, pesa imeenda, na watoto wanataka kula. Kuangalia ni bure. Usione haya.

Swali la pili: lazima uache kazi sasa hivi? Mimi sikuacha. Nilianza ATD jioni, nikitoka kazini naingia darasani. Si lazima ufanye karatasi zote kwa kikao kimoja, kwa hivyo nilichukua mbili mbili. Mama mkwe wangu alikubali kukaa na watoto, Mungu amzidishie. Ilikuwa ngumu. Kuna kikao nilianguka karatasi moja kwa sababu mdogo alilazwa wiki nzima kabla ya mtihani. Nililia, halafu nikairudia. Ilinichukua muda kuliko wenzangu wasio na watoto, lakini nilifika na mshahara wangu ukiwa bado unaingia.

Ilipofika CPA ndipo nikashindwa. Masomo yamekuwa mazito, natoka nyumbani gizani narudi gizani. Binti yangu alikuwa darasa la pili. Usiku mmoja mwalimu wake alituma ujumbe kwamba wiki tatu hajaleta kazi ya nyumbani. Wiki tatu, na mimi sijui! Nilikuwa nasoma ili nimtoe mahali, kumbe yeye ndiye anayebaki nyuma. Hapo ndipo nikajua lazima kitu kimoja kiondoke.

Tukakaa chini na mume wangu, na daftari. Mshahara wangu ulikuwa 24,000. Tulivyozoea tulisema, "Ukiacha kazi tunapoteza 24,000." Tukaandika kazi yenyewe inakula nini. Nauli 200 kwa siku, siku 26, ni 5,200. Chakula cha mchana 100, ni 2,600. Msichana wa kazi 6,000. Jumla 13,800. Kumbe kwa mwezi nilikuwa naleta nyumbani 10,200! Nikiwa mwanafunzi ningeenda darasani siku 12 kwa mwezi, nauli 2,400. Kwa hivyo pengo ni 12,600 kila mwezi. Kwa miezi kumi, 126,000. Ongeza karo na ada za mtihani, tulizikadiria 60,000. Jumla 186,000.

Sasa hiyo ni namba, na namba unaweza kupambana nayo. Hofu huwezi. Chama kilinipa 70,000. Nikauza bangili zangu mbili za dhahabu, 45,000. Kaka yangu akanikopesha 70,000 bila riba. Ikabaki elfu moja. HELB pia wako, lakini mkopo wao wa kawaida una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mimi sikuuchukua. Sikuambii uchukue wala usichukue. Soma masharti, uliza wenye elimu unaowaamini, halafu uamue ukiwa na macho wazi.

Tukaandikiana pia nani anafanya nini. Usicheke, ni muhimu. Nani anampeleka mtoto madrasa, nani anapika siku ya darasa, nani asinisumbue saa mbili za usiku. Akina baba mlioko hapa, mke akirudi masomoni si yeye peke yake anayesoma. Na mume akirudi, vivyo hivyo. Wale wasio na mume au mke nyumbani, tafuteni mtu, mama, shangazi, jirani, na umwambie ukweli kuhusu miezi mingapi utamhitaji. Usimshtukize mtu na watoto wako.

Swali la tatu: unaondokaje? Usitoke kwa kishindo, hata bosi awe vipi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 21, na zile siku ambazo hukuzitumia unalipwa. Na una haki ya cheti cha utumishi kinachosema ulifanya kazi gani na tangu lini. Mimi mwanzo nilizungushwa. Nikaandika barua ya adabu, nikataja sheria, cheti kikatoka. Kile cheti ndicho kilichonisaidia kupata kazi baadaye. Haki usiyoijua huwezi kuidai.

Kuna watu watakuambia mzazi amechelewa, elimu ni ya watoto. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya elimu. Haikusema kila mtu asiye na watoto. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Na hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu. Wazee wetu waliipigania nafasi ya kusoma. Tusiiache kwa aibu ya umri.

Lakini nitakuwa mkweli: si kila mtu aache kazi. Kama una deni la kodi, kama hujapata barua ya chuo, kama hakuna wa kukushikia mtoto, subiri. Anza na karatasi moja ya jioni. Kusubiri ukiwa unaweka akiba si kushindwa.

Mimi sasa niko kwenye idara ya hesabu ya kampuni nyingine, nalipwa 41,000. Si utajiri. Deni la kaka bado namlipa, 4,000 kila mwezi. CPA sijamaliza, imebaki sehemu ya mwisho, naifanya jioni. Na bangili sijazirudisha. Kuna siku naangalia mkono wangu mtupu nikajiuliza kama niliamua vyema.

Halafu usiku tunakaa meza moja, mimi na binti yangu, kila mtu na kitabu chake. Juzi alinifunikia kalamu akaniambia, "Mama, wewe ukimaliza hesabu zako unikague zangu." Wiki tatu za kazi ya nyumbani hazipotei tena nyumbani kwangu.

Nendeni mkaandike hesabu zenu. Usiamue leo ukiwa na hasira, wala usiache kuamua miaka kumi kwa sababu ya hofu.

Wabillahi tawfiq. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.