BOGA HALIOZI KWA KUNYOOSHEWA KIDOLE

Hotuba ya Katibu kwa wanaushirika wa Ruaha Mbuyuni. Anayejua kusoma amsomee na jirani yake.



Leo nazungumza juu ya maboga. Najua wapo watakaosema, "Katibu, sisi hapa ni watu wa vitunguu na nyanya, maboga ya nini?" Ndugu zangu, bei ya kitunguu ikianguka, boga ndilo linalobaki nyumbani. Tunakula majani yake, maua yake, tunda lake na mbegu zake.

Sasa malalamiko ni mengi. Mmea umetambaa vizuri, maua yamejaa, lakini kiboga kikifika kama ngumi kinageuka njano, kinaoza, kinadondoka. Watoto wanachapwa eti wamekinyooshea kidole. Majirani wanatazamana vibaya. Jamani, kidole hakiozeshi boga. Sikilizeni sababu.

Mboga hii ina maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo kirefu, chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Madume hutangulia kwa siku kadhaa, kwa hiyo maua ya kwanza yakianguka bila tunda, usihangaike. Ua jike hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kufunga, halifunguki tena. Katika saa hizo chache, unga wa manjano wa ua dume, yaani chavua, lazima ufike katikati ya ua jike. Unga huo ni mzito na unanata, upepo hauuwezi. Mchukuzi wake mkuu ni nyuki. Nyuki asipofika, mbegu hazitungi, na mmea hukitupa kiboga hicho.

Je, nyuki wetu wako wapi? Asubuhi nyuki yuko kazini, na asubuhi hiyo hiyo sisi tumebeba bomba mgongoni, tunapiga dawa kwenye nyanya na vitunguu. Dawa nyingi zinazoua wadudu hazimchagui nyuki. Mwenye nyanya anaokoa shamba lake, mama mwenye maboga pembeni anakosa, halafu anachapwa mtoto!

Zipo sababu nyingine. Joto kali la bonde letu huzidisha maua dume na kupunguza majike. Urea ikizidi, mmea unakuwa majani matupu. Na tukichuma maua dume yote kwa mboga, hata nyuki akija hana cha kubeba.

Dawa yake ipo mikononi mwetu. Mwaka 2023 huko California, Marekani, boga moja lilipimwa kilo 1,247. Wanaolima maboga makubwa namna hiyo hawamwachii nyuki peke yake. Hupaka chavua kwa mikono. Nasi tufanye hivi:

1. Jioni tafuta ua jike ambalo ncha yake imeanza njano. Weka kijiti cha alama.

2. Kukipambazuka, chuma ua dume lililofunguka, lile bichi la siku hiyo. Bandua majani yake ya njano.

3. Gusisha ule unga katikati ya ua jike, pande zote, taratibu. Ukitumia madume mawili au matatu ni bora zaidi.

4. Kiboga kikiendelea kukua wiki nzima, kimeshika. Anayetaka boga kubwa abakize moja tu kwa mmea, mengine ayale machanga.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, dawa za wadudu zipigwe jioni, maua ya maboga yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi, na jirani aambiwe mapema. Pili, nyuki waliomo kwenye mapango ya mibuyu wasichomwe moto ovyo.

Na watoto tusiwachape tena kwa ajili ya maboga. Tuwatume asubuhi wakahesabu maua majike. Ndiyo kazi yao.