Mwili wetu si bango la kampeni
Maneno yetu mbele ya kilasi ya dansi ya kartie



Kila siku ya posho mchana, mu parsele hii, tunajifunza zouglou, azonto na coupé-décalé. Hatulipishi mtu. Bafle ni ya kuazima. Ikizimika, tunapiga makofi na tunaendelea.

Wiki hii mheshimiwa mmoja alituma watu. Atatupa bafle mbili mpya na tisheti ya kila mtu. Sharti ni moja: tisheti ziwe na sura yake, na sisi tumfuate kila pahali anafanya mkutano, tumuchezee. Wamoja kati yetu wanauliza: kuna ubaya gani? Tucheze, tuchukue bafle, basi. Swali ni la haki, na leo tunalijibu wazi.

Wazee wanakumbuka. Mu miaka ya 1970, kisha Mobutu kutembelea China na Korea ya Kaskazini, nchi nzima ilifundishwa animation politique. Wanafunzi, wafanyakazi, wamama: walipangwa mistari, wakavalishwa vitambaa vya MPR, wakacheza na kuimba sifa za mtu mmoja. Jua kali, unacheza. Njaa, unacheza. Mwili wa raia ulikuwa mali ya chama.

Sasa muangalie dansi zetu zimetoka wapi. Zouglou ilizaliwa Abidjan, kati ya wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wanalala Yopougon, karibu mwaka 1990. Ni mwaka uleule Mobutu alitangaza vyama vingi huku kwetu, tarehe 24 Aprili. Wale wanafunzi walikuwa wanabanana mu vyumba, wanalia burse, wanaandamana. Wakainua mikono juu kama watu wanaomuomba Mungu, na shida zao wakazigeuza wimbo wa kuchekesha. Hakuna mkubwa aliyewatuma.

Azonto ilitoka ku pwani ya Accra, kwa watu wa kabila la Ga, mu kartie za wavuvi na za mabondia. Karibu 2011 ikaenea Ghana nzima, kisha dunia. Muangalie mikono yake: huyu anafua nguo, huyu anashika usukani, huyu anarusha ngumi. Ni kazi ya kila siku imekuwa dansi.

Coupé-décalé, vijana wa Côte d'Ivoire waliianzisha mu boate za Paris, karibu 2002, wakati nchi yao inaingia mu vita. Tuseme ukweli: ilikuwa na majivuno mengi, watu walimwaga noti hadharani. Sisi tunachukua hatua za miguu, noti hatuna. Lakini sikilizeni vizuri: ndani yake muko ndombolo. Wale vijana walichota mu muziki wa Congo. Tukiicheza hapa, ni kama mtoto amerudi nyumbani na nguo mpya.

Basi tofauti ndiyo hii. Mu zouglou na azonto, mtu anacheza maisha yake mwenyewe. Mu animation, anacheza maisha ya mkubwa. Hatua zinaweza kufanana kabisa. Mwenye kuagiza ndiye anabadilisha kila kitu. Leo ni tisheti, kesho tutaambiwa nani asiingie mu kilasi, keshokutwa tutaambiwa tunyamaze juu ya maji na barabara.

Kwa hiyo, bafle zake hatupokei. Mheshimiwa mwenyewe akitaka kujifunza azonto, mlango uko wazi: aje na nguo zake, asimame mustari wa nyuma kama wageni wote. Na kijana akienda ku mkutano wake, ni haki yake, lakini asiende kwa jina la kilasi.

Bafle tutainunua sisi. Mwenye franka 500 alete 500. Mwenye waya alete waya. Asiye na kitu alete miguu. Na tunaendelea kumaliza mbele ya giza, ili wadada wafike kwao salama.

Sasa tusogeze viti. Tunaanza na zouglou: mikono juu!