Theluthi Iliyopotea: Vitamini katika Damu ya Mgonjwa wa Moyo



Mei 1953, mjini Philadelphia, daktari John Gibbon aliziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18 huku mashine ikimpumulia na kumsukumia damu. Msichana alipona. Hadi leo, sehemu kubwa ya upasuaji wa moyo hupitia njia hiyo: mshipa mkuu hubanwa, moyo husimamishwa, kazi ikiisha kibano huachiwa. Hapo ndipo patamu. Damu yenye oksijeni huingia kwa kishindo kwenye misuli iliyokuwa na njaa, na radikali huru, chembe zinazoharibu seli, huzaliwa kwa wingi. Vitamini E, iliyojibanza ndani ya mafuta ya kuta za seli, huzidaka. Vitamini C huirudishia E nguvu zake.

Kwa hiyo watafiti walipopima damu baada ya upasuaji na kukuta vitamini hizi zimeshuka, wengi walisema zimetumika, basi tuziongeze. Mimi nasema tupige hesabu kwanza.

Chukua mgonjwa mwenye lita 3 za plazma na vitamini C ya mikromoli 60 kwa lita. Mipira ya mashine hujazwa maji ya dripu kabla ya kuunganishwa naye. Tuseme lita moja na nusu. Plazma sasa ni lita 4.5, na kipimo kimeshuka hadi 40. Theluthi nzima imetoweka, na daktari hajaugusa moyo! Vitamini E nayo husafiri ndani ya mafuta ya damu, ambayo pia yamezimuliwa. Ukiigawa kwa lehemu, sehemu ya huo upungufu huyeyuka.

Si kwamba yote ni maji. Mgonjwa huyakojoa maji hayo, lakini vitamini C mara nyingi hubaki chini kwa siku kadhaa. Huo ni mwili unaopambana na uvimbe, na hapo nakubali kuna matumizi ya kweli.

Anayenishughulisha zaidi ni yule anayefika mezani akiwa tayari chini. Hapa Tanzania tunapokea vijana ambao valvu zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Moyo ukishindwa kazi, tumbo hujaa, hamu ya kula hukatika. Huyu alipaswa kupimwa na kulishwa wiki kadhaa kabla, na machungwa hayana bei ya kututisha.

Kumwaga dozi kubwa kwa kila mtu ni jambo jingine. Vitamini C imepunguza mapigo yasiyo na mpangilio baada ya upasuaji katika baadhi ya majaribio. Yale ya Marekani hayakuona faida hiyo. Mwaka 2022, jaribio la LOVIT, lililohusu wagonjwa mahututi wa sepsisi (maambukizi yaliyolemea mwili mzima) na si wa upasuaji, liliwakuta waliopewa dozi kubwa wakiwa na hali mbaya zaidi.

Tena dozi hizo hudanganya baadhi ya vipima sukari vya kidoleni: kifaa huisoma vitamini C kama sukari. Muuguzi akiona milimoli 15 kwa lita, akachoma insulini kumbe sukari halisi ni 5, mgonjwa aliyenusurika kisu anaweza kuzimia kitandani. Anayepewa dozi hizo, sukari yake ipimwe maabara.