Zana Zisizotoa Cheche: Matumizi na Utunzaji wa Shaba ya Beriliamu Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mada kwa ajili ya semina ya mafundi, wahudumu wa mafuta na wenye boti

1. Utangulizi



Makaa ya mawe ya Ngaka, katika kata ya Ruanda hapa Mbinga, yanachimbwa tangu 2011, na kila lori linaloyabeba lina tangi la mafuta na betri zake. Kule Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, boti za mashine zinatumia petroli inayohifadhiwa kwenye madumu. Penye mafuta, betri na vumbi la makaa, fundi hufanya kazi jirani na moto.

Ndiyo maana zana za rangi ya dhahabu zinazosifiwa kuwa hazitoi cheche zinavutia. Hoja yangu ni kwamba zana hizi ni kinga ya mwisho, si ya kwanza. Na fundi anayezinoa kwenye grinda anaiondoa hatari kwenye moto na kuiingiza kifuani mwake.

2. Zana yenyewe

Ni shaba iliyochanganywa na beriliamu, kwa kawaida kama asilimia 2, kisha ikapashwa moto kwa utaratibu maalumu hadi ikakomaa. Haivutwi na sumaku. Cheche ya chuma ni kipande kidogo kilichomeguka, kikapata joto na kuwaka hewani. Shaba hupoteza joto upesi, na vipande vyake haviwaki namna hiyo.

Ipo pia shaba iliyochanganywa na alumini, isiyo na beriliamu. Ni laini zaidi, lakini inatosha kwa kazi nyingi za spana na nyundo ndogo.

3. Inafaa wapi

Mahali pake hasa ni penye haidrojeni, kama chumba cha kuchajia betri. Gesi hii huanza kuwa hatari ikifika asilimia 4 ya hewa, na huwashwa na nishati ya takriban milijuli 0.02 tu. Petroli na methani huhitaji mara kumi ya hapo au zaidi. Ndiyo sababu Taasisi ya Petroli ya Marekani, baada ya kuchunguza cheche za zana za mkono, haikuona kwamba kubadili spana za chuma kunapunguza sana hatari katika kazi za petroli.

Tukumbuke Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka, na taarifa za wakati ule zilimtaja mtu aliyekuwa akichomoa betri. Pale palikuwa na petroli iliyomwagika na umati ulioizunguka. Spana ya shaba isingeokoa mtu.

Kwenye boti, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini ya sakafu. Fungua, pepea, subiri harufu iishe, zima umeme, ndipo ushike spana. Kwenye makaa, shimo la wazi hutawanya gesi. Cha kuogopwa ni vumbi laini ndani ya majengo na mitambo iliyofunikwa. Liondolewe kabla ya ukarabati.

Onyo kwa wachomeleaji: zana za shaba zisitumike kwenye mitambo ya asetilini. Shaba ikikutana na gesi hiyo inaweza kutengeneza kemikali inayolipuka kwa kuguswa tu.

4. Jinsi zana njema inavyoharibika

Ikinolewa kwenye jiwe lililonoa chuma, chembe za chuma hunasa ndani yake na zitatoa cheche. Ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo ukiongeza bomba kwenye mpini wa spana utaipanua mdomo au kuivunja. Hupitisha umeme, haikukingi na shoti.

5. Grinda na mapafu

Spana nzima mkononi haina madhara. Madhara yako kwenye vumbi na moshi wake. Mtu anaweza kupata mzio wa beriliamu, kisha mapafu yakaanza kuwa na makovu, pengine miaka mingi baadaye. Ugonjwa huo hautibiki ukaisha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka beriliamu mwaka 1993 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Marekani, tangu 2017, kiwango kinachoruhusiwa kwa saa 8 za kazi ni mikrogramu 0.2 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Kikohozi, kuishiwa pumzi na kukonda vinaweza kudhaniwa kifua kikuu. Fundi aliyewahi kunoa zana hizi amwambie daktari.

6. Mapendekezo

(a) Zana za beriliamu ziwekwe alama na kutengwa na za chuma.
(b) Zisinolewe, zisipigwe msasa wala kuchomelewa gereji. Zikiharibika zirudishwe kwa muuzaji au mtengenezaji.
(c) Zisiuzwe kama skrepa. Msubi anayeziyeyusha atavuta moshi wake bila kujua.
(d) Zifutwe kwa kitambaa chenye maji. Zisipulizwe kwa kompresa.
(e) Waajiri wakumbuke kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawapa wajibu wa kumkinga mfanyakazi, na OSHA ndiyo wakala wa kuisimamia.

7. Hitimisho

Mwenye karakana au boti asiye na fedha nyingi aanze na yasiyo ghali: dumu lenye kifuniko kizuri, madirisha, mtungi wa kuzimia moto na mazoea ya kuzima umeme. Baada ya hapo anunue kipima gesi. Spana ya shaba ije mwisho, na kwa kazi nyingi hapa kwetu ile ya alumini inatosha. Ya beriliamu iachiwe chumba cha betri na kazi ngumu ambayo shaba laini haiiwezi.